Siku ya Kununua Gari, Ifikirie Siku ya Kuliuza

(Hotuba kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo, Tanga mjini)

Ndugu Mwenyekiti, wajumbe wa kamati ya mikopo, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada zangu: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Nawashukuru kwa kuniita, na nawashukuru zaidi kwa kuitoa Jumamosi yenu mchana kuja kunisikiliza.

Nilipofika hapa mlangoni, mwalimu mmoja alinivuta pembeni. Akaniambia, "Shikamoo mzee. Mkopo wangu umepita, nina milioni 15. Nimeonyeshwa magari mawili. Moja ni Toyota IST, silva, usajili wa namba E, wanataka zote 15. La pili ni la Ulaya, viti vya ngozi, dirisha la juu linafunguka, na hilo wanaliachia kwa 12. Nyumbani wote wanasema nichukue la Ulaya, nibakiwe na milioni 3. Wewe wasemaje?" Nikamjibu, "Marahaba mwanangu. Kaa mstari wa mbele, ulilouliza ndilo nililokuja kulisema." Namwona yuko hapa. Tutarudi kwake.

Mimi nimekaa na magari tangu ujana. Nilianza kwa kushika spana katika gereji moja ya Chumbageni, nikawa fundi, na baadaye kwa miaka mingi kazi yangu ikawa kukadiria magari. Gari limepata ajali, bima wanataka kujua lilikuwa na thamani gani asubuhi ile kabla ya kugonga. Mtu amefariki, warithi wanataka kugawana. Mkopaji ameshindwa, mkopeshaji anataka kujua dhamana itauzwa kwa kiasi gani. Muuzaji hulijua gari siku linapong'aa. Mimi nimelijua siku mwenyewe anapohitaji fedha, na nimeziona nyuso nyingi zikibadilika nilipotaja kiasi.

Kutokana na nyuso hizo, nina neno moja la kuwaambia. Gari haligharimu kile ulichomlipa muuzaji. Linagharimu kile ulicholipa, ukitoa kile utakachopokea siku ya kuliuza. Hicho cha katikati ndicho kilicholiwa. Wahasibu wanakiita uchakavu. Mafuta unayaona yakishuka kwenye geji. Tairi unaliona likiisha meno. Uchakavu huuoni mpaka siku umesimama mbele ya mnunuzi, naye anazunguka gari lako kimya, mikono nyuma.

Chukueni majirani wawili wa Ngamiani, Barabara ya 12 kwa mfano. Mmoja kanunua gari kwa milioni 14, miaka 4 baadaye kaliuza milioni 10. Mwingine kanunua la milioni 10, mtaa mzima ukamsifu kwa kupata bei nafuu, na baada ya miaka ileile 4 kaliuza milioni 3 na nusu. Wa kwanza kapoteza milioni 4, yaani milioni moja kwa mwaka. Wa pili kapoteza milioni 6 na nusu. Ukigawa kwa miezi 48, kila mwezi alikuwa anatoa zaidi ya shilingi 135,000 bila kujua anamlipa nani.

Sasa linganisheni na mafuta, maana mafuta ndiyo tunayobishania vijiweni kutwa. Mtu wa Tanga mjini anayetoka Mikanjuni kwenda kazini na kurudi, akapitia sokoni na shuleni kwa watoto, tuseme anatembea kilomita 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni kilomita 6,000. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia lita 500. Tukihesabu lita kwa shilingi 3,000, mafuta ya mwaka mzima ni milioni moja na nusu. Uchakavu wa yule jirani wa pili ni milioni moja, laki sita na elfu ishirini na tano kwa mwaka. Umezidi mafuta! Na mji wetu ni tambarare, safari zetu fupi. Kwa sisi wa hapa, swali la gari gani linakula bei ni zito kuliko swali la gari gani linakula mafuta, na silisikii likiulizwa.

Kwa nini gari linashuka thamani? Kuchoka kwa chuma ni sehemu moja tu. Sehemu kubwa zaidi ni yule anayekuja kununua baada yako: ana hofu gani, na ana njia gani nyingine ya kupata gari kama hilo.

Kushuka huku kuna mteremko wake. Ni mkali mwanzoni, kisha unalala. Katika nchi ambazo watu hununua magari mapya kabisa, hesabu iliyozoeleka ni kwamba gari linaweza kupoteza kama sehemu moja ya tano ya bei yake mwaka wa kwanza, na karibu nusu kufikia mwaka wa tano. Mjapani analijua hilo vizuri. Kwao gari jipya hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi una gharama zake. Gari la petroli likipita miaka 13, kodi yake ya mwaka inapanda kwa kama asilimia 15. Kwa hiyo mwenye gari kule hufika mahali akaona afadhali aliachie, hata kama injini bado inaita. Gari linalotoka melini kuja kwetu limeshaachia sehemu kali ya mteremko mikononi mwa mtu mwingine. Hiyo ni heri kwetu, mradi tusiitupe kwa kujitengenezea mteremko mwingine.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanalilalamikia bila kuona upande wake wa pili. Gari likifika bandarini linakutana na kodi. Kwa viwango tulivyovizoea, kuna ushuru wa forodha asilimia 25. Kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: hadi cc 1000 hakuna, kuanzia hapo hadi cc 2000 ni asilimia 5, kuzidi hapo ni asilimia 10. Kuna ushuru wa uzee: gari lililozidi miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na lililozidi 10 asilimia 30. Juu ya vyote hivyo inakaa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18. Ndiyo maana mtu anashangaa kuona kodi inakaribia bei ya gari lenyewe, na pengine kuipita.

Kodi hiyo umeilipa na hairudi. Lakini anayekuja kununua gari lako baada ya miaka 3 ana njia mbili: achukue lako, au aagize lake na akutane na kodi zilezile. Bei yako imeegemea ukuta huo. Shilingi nayo ikipungua nguvu mbele ya dola, kuagiza kunapanda, na magari yaliyomo nchini yanashikilia bei. Ndiyo sababu gari ambalo Japani lingeuzwa kama chuma chakavu, hapa bado linagombaniwa. Kumbukeni tu kwamba aliyenunua kwa milioni 12 na kuuza kwa milioni 12 miaka 5 baadaye hakutoka sawasawa, maana milioni 12 ya leo hainunui saruji ile ya miaka 5 nyuma. Na mwenye mpango wa kununua au kuuza mwezi Mei, asubiri kidogo aisikilize bajeti ya Juni. Viwango vikiguswa kule Dodoma, bei za yadi za magari huku zinasogea ndani ya wiki.

Kwa wenye biashara nina neno fupi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaliweka gari dogo la biashara kwenye daraja la uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka, na kila mwaka unahesabu juu ya kile kilichobaki. Gari la milioni 16 linasomeka milioni 10 baada ya mwaka mmoja, na milioni 6 na robo baada ya miwili. Hiyo ni hesabu ya kodi, inakusaidia mbele ya TRA, mamlaka ya mapato. Usiichukue kwenda nayo sokoni kama bei. Nimemwona mfanyabiashara akiuza Canter yake, lori dogo la mizigo, kwa thamani ya kwenye vitabu, wakati sokoni ingempa karibu mara mbili.

Sasa, gari gani linashikilia bei hapa kwetu? Nitasema nilichokiona kwa macho yangu. Linaloshikilia bei ni lile ambalo likikufia pale Segera saa 2 usiku, fundi wa kwanza utakayemkuta analijua, na spea yake haipiti siku mbili. Chukueni injini ile ya Toyota iitwayo 1NZ, cc 1500. Utaikuta kwenye IST, kwenye Raum, Spacio, Probox, Sienta, Fielder. Injini moja, magari chungu nzima. Kwa hiyo spea zake ziko kila duka, zipo mpya, zipo za kutoka kwenye magari yaliyokatwa, na kijana aliyejifunza gereji miaka 2 anaifungua na kuifunga. Mnunuzi anayeliangalia gari lenye injini hiyo hana hofu, na asiye na hofu hapunguzi sana bei. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeona IST imeuzwa kati ya sala ya adhuhuri na alasiri, bila dalali, kwa neno moja tu lililotajwa barazani.

Gari la Ulaya si gari baya. Linaendeshwa vizuri, limejengwa kwa chuma kizito, na kwa mtu mwenye uwezo wa kulitunza ni raha ya haki yake. Lakini kompyuta zake zinahitaji mashine ya kupimia ambayo gereji nyingi hazina, giaboksi yake haishikwi na kila mkono, na mnunuzi wa pili anayajua hayo. Anaponunua gari lako, ananunua pamoja na hofu yake, na bei ya hofu hiyo anaikata kwako. Magari ya haibridi, yale ya petroli na umeme pamoja, nayo kwa sasa yamo katika hali ileile: yanabana mafuta kweli, ila kila mnunuzi anauliza betri kubwa imebakiza nini, na jibu la kumtuliza bado halipatikani kwa urahisi.

Kuna hili suala la namba. Tanzania tumezoea kupima gari kwa herufi: namba B, namba C, namba D, na sasa namba E. Mtu anasema "gari langu ni namba E" kama anavyosema mwanawe kafaulu. Ndugu zangu, herufi ile inaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Haionyeshi lilitengenezwa lini. Niliwahi kukadiria gari namba E lililotengenezwa mwaka 2004, na siku hiyohiyo nikakadiria namba D la mwaka 2008. La namba E ndilo lililonunuliwa kwa bei kubwa zaidi, na mwenyewe hakuwahi kusoma kadi yake ya usajili mstari wa mwaka wa kutengenezwa. Kadi inauonyesha. Na ukitaka kuhakikisha, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, angalia kitambaa kidogo kilichoshonwa chini: mara nyingi utasoma mwaka ulipotengenezwa mkanda ule, na mkanda hautangulii gari kwa muda mrefu.

Tena herufi inakufa. Siku namba inayofuata itakapozagaa mjini, nyongeza uliyoilipia E itayeyuka bila gari kuguswa hata na mkwaruzo. Yaliyoipata namba C tuliyaona sote. Ukiwa na fedha ya kuongeza, iongeze kwenye mwaka wa kutengenezwa na kwenye hali ya gari. Ukiiongeza kwenye kibao cha namba, jua unanunua kitu chenye tarehe ya mwisho.

Nikiwa mbele ya watu wa Tanga siwezi kupita bila kusema habari ya chumvi. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu ndilo linalotupunja zaidi na liko mikononi mwetu. Mnunuzi kutoka Arusha au Moshi akija kuona gari hapa, mafundi wao wamemfundisha: hafungui boneti kwanza. Anapiga goti, anachungulia chini. Akiona kutu kwenye fremu, kwenye maungio ya milango, kwenye mabomba ya breki, anasimama anajifuta mikono, anasema "hili la Pwani". Neno hilo nimelisikia likishusha milioni 2 kwenye gari ambalo injini yake haina kasoro.

Upepo wa bahari unabeba chumvi mpaka kwenye nyumba zetu, na anayekaa Raskazoni au Sahare analijua hilo kwa mabati na vitasa vya milango yake. Gari linalolala nje usiku linaamka na umande wa chumvi. Lakini kuna chumvi tunayoiingiza wenyewe. Tunakwenda kununua samaki pwani, tunaweka kwenye buti ndani ya mfuko, barafu inayeyuka, maji yanapita chini ya kapeti na kukaa pale kwenye bati wiki nzima. Nimeinua makapeti mengi. Pale pa tairi la akiba ndipo kutu inapoanzia, na harufu haitoki hata ukioshea nini. Weka beseni la plastiki. Beseni moja la shilingi elfu chache linalinda laki kadhaa za bei yako.

Na osheni chini! Gari likipelekwa kuoshwa tunalipia juu, tunapiga nta, tunang'arisha matairi. Mwambieni kijana wa kuosha apige maji ya bomba chini ya gari, hasa mkishuka ufukweni au mkitoka Pangani njia ya mchanga. Mara moja kila mwaka pelekeni gari likapakwe dawa ya kuzuia kutu kwenye chesesi. Wenye magari ya Lushoto na Korogwe wana shida zao za kona na vumbi jekundu, lakini gari lao likifika sokoni linaulizwa maswali machache kuliko letu.

Nitawaeleza jambo langu mwenyewe, kwa kuwa sikuja hapa kufundisha nisilolipitia. Gari langu la kwanza nililinunua kwa mkopo. Nilikuwa tayari fundi, nikaamini ufundi wangu utanilinda. Lilikuwa gari la Ulaya, zuri sana, na bei yake ilikuwa chini kuliko Corolla ya umri uleule. Sikujiuliza kwa nini iko chini. Miezi 19 baadaye giaboksi ikagoma. Mikono yangu ilitosha kuishusha na kuipandisha, lakini kifaa kilichohitajika hakikuwepo Tanga, na Dar es Salaam nilisubiri wiki 7 kukipata, tena kwa bei iliyonitoa jasho. Kikafungwa, gari likatembea miezi michache, taa ileile ikawaka tena. Mwaka ule binti yangu alichaguliwa kwenda kidato cha tano, nikalazimika kuliuza. Nilipata robo ya nilichonunulia. Ada ikalipwa. Na deni likabaki. Nililipa miezi 14 makato ya gari ambalo nilikuwa naliona likipita barabarani na mtu mwingine ndani yake.

Kwa hiyo ndugu wa kamati ya mikopo, hili ni lenu. Mtu akija kuomba mkopo wa gari, msitazame mshahara wake peke yake. Wekeni safu mbili kwenye karatasi. Safu ya kwanza, deni litakalobaki mwisho wa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Safu ya pili, gari lile linaweza kuuzwa kwa kiasi gani katika miaka hiyohiyo. Mahali popote deni linapozidi gari, mwanachama wenu amefungwa: hawezi kuuza akamaliza deni. Mkiona safu ya deni inaizidi ya gari kwa mwaka mzima au zaidi, mwambieni apunguze mkopo, aongeze akiba yake mwanzoni, au abadili gari. Mkopo mfupi unauma kila mwezi, lakini unakimbizana na mteremko na kuupita.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye gari msemo huu hauna mafumbo yoyote, ni daftari lenyewe la karatasi. Andika tarehe ya kubadilisha oili, kilomita zilizosomeka, spea iliyofungwa, na ubandike risiti. Kila mnunuzi anashuku kilomita zimerudishwa nyuma, na mara nyingi ana haki ya kushuku. Ukimfungulia daftari la miaka 4, hana la kushuku tena. Kupaka rangi gari zima kabla ya kuuza hakusaidii, maana anajiuliza unaficha ajali gani. Rimu za kung'aa na redio yenye kioo kikubwa hazirudishi fedha zake. Kama unazipenda, zifurahie tu.

Nyaraka nazo ni bei. Kadi iwe na jina la anayekuuzia. Gari lililopita mikono mitatu bila kubadilishwa jina, huku mwenye kadi ameshafariki au hajulikani alipo, linaweza kukupotezea zaidi ya kutu yote ya Tanga. Gharama ya kubadilisha umiliki si kitisho: ada ya uhamisho, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, na kadi mpya. Angalieni pia faini za barabarani zinazosoma kwenye namba ile. Gari lenye namba za Zanzibar liulizieni mapema kodi ya kulileta bara kabla hamjapeana mkono.

Bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, huhesabiwa kwa thamani ya gari, kiwango cha chini asilimia 3.5, kisha VAT juu yake. Gari uliloliandikisha kwa milioni 20 linakutoza 826,000 kwa mwaka. Likishuka hadi milioni 12 nawe hujabadilisha kiasi, unaendelea kulipa ileile badala ya 495,600, na likiharibika kabisa, atakayekuja kulikadiria atatazama bei ya soko ya siku hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa nakuja. Sikuweza kuandika 20 mahali penye 12.

Najua wapo wanaosema, "Mzee, mimi sinunui gari ili niliuze. Nanunua linifikishe, nitazeeka nalo." Naliheshimu sana neno hilo, na aliyetunza gari miaka 15 kafanya la maana kuliko anayebadilisha kila mwaka, maana kaukalia mteremko mpaka ukalala kabisa. Lakini katika kazi yangu sikuwahi kukutana na mtu aliyenunua gari akiwa amepanga kuliuza kwa haraka. Waliuza kwa uhamisho uliotangazwa Ijumaa. Waliuza kwa sababu ya mgonjwa wa kupelekwa Muhimbili. Nakumbuka mama mmoja wa Makorora, eda haijaisha, shemeji zake wameniita nilikadirie pikapu la marehemu. Yule marehemu alikuwa mtu wa daftari. Risiti zote zilikuwa ndani ya dashibodi, zimefungwa kwa mpira, na chini ya gari kumepakwa dawa mwaka uliopita. Mnunuzi alipatikana siku ya tatu, na hakupunguza hata laki 5. Mama yule akamaliza kuezeka nyumba kwa fedha ile. Sidhani marehemu alipokuwa akibandika risiti alijua anamwezekea mkewe.

Sasa, mwalimu wangu. Magari yako mawili. Lile la Ulaya la milioni 12, nikilikadiria kwa miaka 4 ijayo, nisingependa kumwahidi mtu zaidi ya milioni 4, na hapo sijagusa giaboksi wala kompyuta. Milioni 8 zimekwenda. Zile milioni 3 unazoambiwa zitabaki ndizo za kwanza kumezwa. IST ya milioni 15, ikitunzwa, hata ikishuka hadi 10, umepoteza 5. Kwa hiyo kati ya mawili hayo jibu liko wazi.

Ila hata hiyo IST nisingekuruhusu uichukue kwa zote 15. Ukitoa zote, uhamisho utalipa na nini? Bima je, oili, matairi manne ambayo huenda yamekauka kwa kukaa yadi? Na katika hizo 15, sehemu unalipia herufi E. Mimi ningetafuta IST namba D, injini ileile, ambayo kadi yake inaonyesha mwaka uleule au wa mbele zaidi, kwa milioni 11 au 12. Itakuwa imetembea miaka kadhaa kwenye barabara zetu, kwa hiyo bushi na shokomzoba tutazikagua kwa makini, na tutataka kuona daftari. Lakini mteremko wake wa herufi umeshashuka mgongoni mwa mtu mwingine, na milioni 3 zako zinabaki kweli, au unazirudisha kwenye mkopo ukaufupisha kwa mwaka mzima.

Umeniambia pia dalali anayo IST ya namba D kule Duga. Basi mpigie leo jioni, mwambie tutafika kesho saa 3 asubuhi, injini iwe ya baridi, asiiwashe kabla hatujafika. Kadi ya gari iwepo na mwenye jina awepo. Na alipaki mahali pakavu ninapoweza kulala chini yake.